Ukoo wa Mafia katika Wino wa Kijerumani

Mwaka 1890, Sultani wa Unguja alipopokea marki milioni 4 na kuwaachia Wajerumani haki zake za pwani pamoja na kisiwa cha Mafia, watu wa Chole, mji wa matajiri wa minazi na watumwa wao, waliona bendera imebadilika na boma limesimama karibu na bandari yao. Lakini kwamba lugha ya wageni hao ingebisha hodi hata katika majumba, ikataka kujua fulani ni nani kwa fulani, hilo lilidhihirika polepole. Ilipotoka sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, swali la nyumba hii ni ya nani, na wanaolala humu ni nani wake, ambalo mjini Berlin lina jibu la neno moja, kwa mtu wa Mafia lilikuwa mlango wa hadithi ya asubuhi nzima.

Aliyekiandika kisiwa kwa utaratibu ni Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, ambaye kitabu chake juu ya Mafia na visiwa jirani kilipigwa chapa Leipzig mwaka 1896, na mwaka 1957 kikatokea kwa Kiingereza katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baumann alikuwa bingwa wa ramani, wala simlaumu kwa kutoketi barazani akauliza habari za mashangazi. Walakini njia ile ya Kijerumani ndiyo iliyopitiwa na habari nyingi za jamaa zetu: hata desturi zilizoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alizozitoa Carl Velten mwaka 1903 kwa Kiswahili na kwa Kijerumani, zilingoja hadi 1981 kusomwa kwa Kiingereza.

La ajabu ni kwamba Wajerumani wa kale walikuwa karibu nasi zaidi kuliko wajukuu wao waliokuja kututawala. Walikuwa na Oheim kwa mjomba, Vetter kwa ami, Base kwa shangazi, na Muhme kwa mama mkubwa au mdogo, kila mmoja na cheo chake na haki yake, mpaka umalidadi wa Kifaransa ulipowaletea Onkel na Tante, nao wakayaacha yale manne yachakae. Waingereza walikwisha kuwatangulia katika hasara hiyo tangu enzi za Wanormani. Basi ofisa aliyeshuka Chole, hata kama alikuwa mtu mwema, alishuka na lugha iliyokwisha kupunguziwa vyumba. Kilichombakia ni Geschwister, linalokusanya kaka na dada kwa pamoja kama lifanyavyo neno ndugu, ila huishia kwa waliozaliwa na wazazi wamoja, ilhali ndugu wa Mafia huanza hapo tu. Na tafsiri ya Kiingereza, isipotaka kunuka kitabu, hulazimika kuwatenga tena wanaume na wanawake.

Mtazame bibi aliyeketi kwenye mkeka akisuka ukili wa ukindu uliotiwa rangi, na mjukuu wa miaka mitano apitaye mbio. “Mume wangu,” amwita, “leo hata dagaa hukuniletea?” Mtoto ajibu kwamba mke mvivu hapati dagaa, na jirani acheka mpaka ashike ubavu. Mfasiri akiandika maneno haya kama yalivyo, msomaji wa Hamburg atashtuka; akitia maelezo chini ya ukurasa, mzaha umekufa. Na huenda mtoto huyo hakuzaliwa katika nyumba hiyo, bali ameletwa alelewe, kwa sababu bibi yu peke yake na mama wa mtoto ana wengine. Huyo si yatima, wala nasaba yake haibadiliki, kwani sheria ya Kiislamu haimruhusu mtu kujifanya baba wa asiyemzaa. Wajerumani humwita Pflegekind, neno lenye harufu ya ofisi ya serikali.

Wana hata hivyo neno moja ninalowahusudu, Geborgenheit, lililotokana na kuokoa kitu na kukihifadhi, nalo ni ile hali ya mtu aliye ndani ya nyumba yake, miongoni mwa wake, asiyeogopa chochote. Wafasiri wa Kiingereza hulitawanya, mara usalama, mara joto la nyumbani, na kila mara kipande huanguka njiani. Lau lingepitia kwetu kwanza, stara ingelipokea karibu lote.

Wajerumani walihamishia makao yao Kilindoni mwaka 1913, na Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, wakakifanya kituo cha kuisaka manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Ilikuwa mwaka 1965 ndipo Pat Caplan, mtaalamu wa mila kutoka Uingereza, alipokwenda kuishi kijijini kaskazini mwa Mafia, akaeleza baadaye kwa wenzake jambo lililokuwa likiwasumbua: kwamba mtu huko ni wa ukoo wa baba na wa ukoo wa mama kwa pamoja, na hivyo wa koo kadhaa kwa mara moja, wala hachagui moja akatupa nyingine, bali mwaka huu aweza kuomba kipande cha kulima kwa jina la bibi mzaa mama, na mwaka mwingine kwa jina la babu mzaa baba, na pande zote mbili zikamwita mtoto wetu.