Ukristo na Kuzaliwa kwa Taifa la Burundi

Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara kama taifa la Burundi lilijengwa na Ukristo. Swali hili lina uzito kwetu walimu wa Kiswahili, kwani jibu lake linagusa pia nafasi ya lugha yetu nchini humo.

Mapadri Weupe walijaribu kukaa Rumonge mwaka 1879, lakini wamisionari watatu waliuawa mwaka 1881. Walirudi baadaye wakafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898, kisha Mugera, karibu na Gitega, mwaka 1899. Wakati huo Mwami Mwezi Gisabo alikuwa akitawala, Warundi walikuwa na lugha moja, na jina la Imana walilitaja kabla ya kumwona padri. Ukristo, basi, haukuwaunda Warundi, uliwakuta.

Hata hivyo ulibadili mengi. Sherehe ya umuganuro, iliyomuunganisha Mwami na wananchi wakati wa kupanda mtama, ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920 chini ya Wabelgiji, na wamisionari waliihesabu kuwa upagani. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa Kanisa, na humo alipita Mwanamfalme Louis Rwagasore, mzaliwa wa Gitega mwaka 1932. Wimbo wa taifa wa mwaka 1962, Burundi Bwacu, ulitungwa na kundi lililoongozwa na padri, Jean-Baptiste Ntahokaja, mtaalamu wa Kirundi.

Lakini Ukristo haukuwa upande mmoja. Katika uchaguzi wa Septemba 1961, UPRONA ya Rwagasore ilipata viti 58 kati ya 64 na kukishinda chama cha PDC, yaani Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, kilichopendelewa na Wabelgiji. Rwagasore aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Viongozi wa PDC walinyongwa hadharani mjini Gitega Januari 1963. Pande zote mbili zilikuwa na majina ya ubatizo.

Na Waswahili je? Misheni ilikionea shaka Kiswahili kwa kuwa kilikuwa lugha ya Waislamu, ikakikuza Kirundi. Lakini Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono Rwagasore mapema. Muyinga nako, karibu na mpaka wa Tanzania, jimbo la Kikatoliki liliundwa mwaka 1968 katika eneo ambalo Waislamu ni wengi kiasi, na Kiswahili husikika sokoni.

Maoni yetu ni kwamba Kanisa lililipa taifa hilo shule, maandishi na wimbo, ila halikuwa mwasisi pekee. Tangu miaka ya 2000 Kiswahili kinafundishwa katika shule za msingi za Burundi. Mwalimu anayekifundisha huko asikubali kiitwe lugha ya wageni: wasemaji wake walikuwapo uhuru ulipotafutwa.