Jacob Wainwright, Mtumishi Aliyeipita Njia ya Unyanyembe

Muda mrefu kabla reli ya kwenda Mwanza haijapita Bukene, nchi ya Unyamwezi ilifahamika kwa njia yake ya misafara. Waliopita humo kwa maelfu walibeba mizigo ya wengine, na majina yao hayakuandikwa popote. Ni vyema basi, katika kumbukumbu ya Usharika, kumtaja mmoja wao aliyefika nchi hii mara tatu.

Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa akiwa mtoto, akaokolewa na Waingereza, akapelekwa India kusomeshwa katika shule ya misheni ya Kianglikana huko Nasik. Mwezi Agosti 1872 alifika Kwihara, jirani na Tabora, pamoja na kundi la watu 57 waliotumwa na Stanley kumhudumia Daktari David Livingstone. Siku chache baadaye wakaondoka naye kuelekea kusini.

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chini ya Susi na Chuma, watumishi wake wa siku nyingi, watu wale waliamua kuurudisha mwili kwa wenyewe, ingawa hapakuwa na aliyewaamuru. Waliutia chumvi, wakauanika juani, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti. Moyo wake ulizikwa palepale, na Jacob ndiye aliyesoma ibada ya mazishi. Kisha akachonga juu ya mti jina la marehemu, tarehe, na majina ya wenzake watatu. Jina lake mwenyewe hakulichonga.

Mwezi Oktoba 1873 walifika tena Kwihara. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyewashauri wamzike Livingstone Unyanyembe, kwa kuwa njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Ushauri huo haukuwa wa kipuuzi, maana wenzao kadhaa walikuwa wamekwisha kufa njiani na makabila mengi yaliogopa maiti kupitishwa katika nchi yao. Hata hivyo wakaukataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, watu wa nchi walipozuia maiti kupita, walitengeneza mzigo wa uongo mfano wa maiti, wakaurudisha Unyanyembe kana kwamba unakwenda kuzikwa. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la kitambaa, ukaendelea na safari. Msomaji atajiamulia kama hila hiyo ilikuwa dhambi.

Walifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya mwendo wa miezi tisa. Huko walilipwa ujira wao na kuachishwa kazi. Ni Jacob peke yake aliyeusindikiza mwili hadi London, kwa gharama ya Chama cha Misheni cha Kianglikana, na tarehe 18 Aprili 1874 akawa miongoni mwa waliolishika jeneza katika Kanisa la Westminster. Baadaye Chama cha Kijiografia cha Kifalme kilitengeneza nishani 60 kwa ajili ya watu wa msafara ule, lakini zilipokuwa tayari wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Haitakuwa kweli kumfanya Jacob malaika. Baadhi ya Wazungu walilalamika kwamba sifa za Uingereza zilimtia majivuno, na huenda walikuwa na sababu. Kijana aliyetolewa utumwani, kisha akatembezwa mbele ya makutano kama shujaa, angewezaje kubaki vilevile? Tena ni rahisi kwa wenye vyeo kudai unyenyekevu kwa asiye na kitu. Inayofaa kupimwa zaidi ni miaka iliyofuata, wakati makutano yalipokwisha kumsahau. Alirudi Afrika akawahudumia wamisionari, Buganda ikiwa mojawapo ya mahali alipofanya kazi, bila cheo kikubwa.

Mwishowe alirudi katika nchi hii kwa mara ya tatu, akiwa Urambo, magharibi ya Tabora, ambako Misheni ya London ilikuwa imefungua kituo mwaka 1879 katika makao ya Mtemi Mirambo. Huko alifariki mwezi Aprili 1892. Miaka sita baadaye kituo kile kilikabidhiwa kwa Wamoravian, nao wakaiendeleza kazi ya Injili katika Unyamwezi.