Dawa Iliyotoka kwa Kuvu, na Moyo Uliochoka

  Leo nitakusimulia historia ya dawa moja, kisha tuone inatuhusu vipi sisi wa Kitui na Makueni.

Kilichonifanya nichague mada hii ni susu mmoja aliyeletwa kliniki na binti yake. Miguu ilikuwa imevimba, na usiku hakuweza kulala ila kwa kuketi. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, lakini kwa miezi mingi dawa zilikuwa zimemsaidia vizuri. Nikauliza dawa ziko wapi. Binti akatoa pakiti moja tu.

“Sista, kaka alituma hizi kutoka Nairobi. Aliambiwa ni dawa bora za moyo, basi tukaacha zile za zamani.”

Zilikuwa statini, yaani dawa za kupunguza kolesteroli, mafuta yaliyo ndani ya damu. Binti alimpenda mama yake. Kilichomponza ni lile jina, “dawa ya moyo.”

Je, statini zilitoka wapi? Zilitoka kwa kuvu. Sisi wa Ukambani tunaijua kuvu kwa ubaya. Mwaka 2004, mahindi yaliyoota kuvu yenye sumu ya aflatoksini yaliwafanya watu 317 kuugua, na 125 kati yao wakafariki. Wengi wa waliougua walitoka Makueni na Kitui.

Lakini kuvu ni za aina nyingi. Huko Japani, mtaalamu Akira Endo, mtoto wa mkulima aliyezaliwa mwaka 1933, alijiuliza kama kati ya kuvu hizo kuna inayoweza kuzuia mwili usitengeneze kolesteroli nyingi. Yeye na wenzake katika kampuni ya Sankyo walipima maelfu ya aina. Mwaka 1973 walipata walichokitafuta katika kuvu iliyotoka kwenye mchele. Tafadhali mama, hiyo si ruhusa ya kula nafaka iliyoota kuvu. Itupe, na kuku pia usiwape.

Mwaka 1987 statini ya kwanza, lovastatini, iliruhusiwa kuuzwa Marekani. Mwaka 1994 yakatoka matokeo ya utafiti wa nchi za Skandinavia juu ya wagonjwa 4,444 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa wale waliopewa simvastatini, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Sifa za statini zikaenea kila mahali, na kweli zilistahili sifa hizo.

Basi madaktari wakauliza: je, moyo ambao tayari umechoka nao utasaidika? Mwaka 2007 utafiti uitwao CORONA ulitoa jibu. Wagonjwa 5,011 wenye umri wa miaka 60 na zaidi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa rosuvastatini, na jingine vidonge visivyo na dawa. Kolesteroli ilishuka kwa waliopewa dawa, lakini vifo vilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Mwaka 2008 utafiti mwingine wa Italia, wenye wagonjwa 4,574, ulileta jibu lile lile. Dawa haikuwadhuru, lakini haikurefusha maisha yao.

Kwa nini? Fikiria kisima cha kijiji. Statini husaidia mabomba yasizibe. Lakini pampu ikishachakaa, kutunza mabomba peke yake hakutaleta maji.

Dawa za kuisaidia pampu zipo, nazo si ngeni. Mwaka ule ule wa 1987, utafiti wa Skandinavia ulionyesha kwamba enalaprili inapunguza vifo kwa wenye moyo uliochoka sana. Mwaka 1999 spironolaktoni nayo ikathibitishwa. Hizo mbili ndizo susu wetu alizoziacha kabatini.

Na huku kwetu, moyo huchoshwa na nini? Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao THESUS-HF, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Kati ya wagonjwa 1,006, karibu nusu waliletewa shida hiyo na presha. Wale ambao chanzo chao kilikuwa mishipa ya moyo kuziba hawakufika 8 katika kila 100. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Hao ni akina mama na akina baba ambao bado wanalima na kulipa karo.

Kwa hivyo, mama, shika haya:

Usibadilishe wala kuacha dawa ya moyo kwa sababu umeletewa nyingine. Beba zote, hata za jirani, umwonyeshe daktari au muuguzi.

Kama daktari alikuandikia statini kwa sababu ya kisukari, kiharusi au mishipa ya moyo, endelea nayo. Lakini ukiwa mjamzito, ukinyonyesha au ukipanga kupata mtoto, mwambie mapema. Mweleze pia kama unatumia enalaprili, kwa maana hiyo haifai katika ujauzito.

Pimeni presha hata kama hamuumwi, na mpunguze chumvi.

Miguu ikivimba, pumzi ikikatika mtu akilala chali, au uzito ukipanda kilo mbili kwa siku chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama aliyejifungua karibuni pia asiambiwe ni uchovu tu.

Susu wetu alilazwa, akarudishiwa dawa zake, akarudi nyumbani. Si wote hufika mapema hivyo. Leo ukizima redio, fungua kabati, uangalie dawa za mzee wako.