Nani Atafukua Mtaro? Utunzaji wa Vifurushi vya Programu Huria na Funzo la Machakos

Ikisiri

Makala haya yanadai kwamba leseni huria peke yake haiipi jamii mamlaka juu ya programu inazozitegemea. Mamlaka hayo hupatikana kwa kazi ya kila siku ya kutunza vifurushi. Hoja inajengwa kwa kuchunguza kazi ya mtunzaji katika mfumo wa Debian, mikasa miwili ya usalama iliyofichuliwa 2008 na 2024, mifumo ya kumbukumbu za afya nchini Kenya, na historia ya matuta ya Machakos. Mwisho, makala yanapendekeza vyuo vikuu vya Kenya viutambue utunzaji kuwa kazi ya kitaaluma yenye alama, bajeti na heshima yake.

Utangulizi

Kwa muda mrefu sasa, hospitali, vyuo na ofisi za umma nchini Kenya vimekuwa vikihimizwa kutumia programu huria. Sababu zinazotolewa ni zilezile: hazina ada ya leseni, msimbo wake uko wazi, na mtu yeyote anaweza kuurekebisha. Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyochunguzwa. Kusema kwamba mtu yeyote anaweza ni kutaja ruhusa. Hakutuambii ni nani hasa anayeifanya kazi hiyo, kwa ujuzi gani, wala anakula nini anapoifanya.

Machakos ni mahali pazuri pa kuliulizia swali hili. Kuna chuo kikuu cha umma kilichopata hati yake 2016, na mpakani mwa kaunti, Malili, unajengwa mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013. Zaidi ya hayo, wenyeji wa Machakos wamewahi kulijibu swali la utunzaji wa mali ya pamoja kwa jembe, na jibu lao limeandikwa vitabuni.

Kazi ya mtunzaji

Debian, mfumo endeshi huria wa Linux unaosambaza programu zake kwa vifurushi, ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993. Mwaka 1997 jumuiya yake ilipitisha Mkataba wa Kijamii unaoahidi kwamba mfumo utabaki huria na kwamba matatizo yake hayatafichwa. Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa ufadhili wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, hujengwa juu ya Debian. Toleo la 12 la Debian lilipotoka Juni 2023 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000. Wanachama kamili wa jumuiya hiyo ni kama elfu moja duniani kote, wakisaidiwa na wachangiaji wengine, na wengi wao hujitolea.

Mtunzaji huchukua msimbo kutoka kwa waandishi wake wa asili na kuuongezea saraka moja yenye mafaili machache. Faili la kwanza hutaja jina la kifurushi, maelezo yake na vifurushi vingine kinavyovitegemea. Faili jingine huorodhesha leseni na wenye hakimiliki, kazi inayochosha kuliko zote kwa sababu programu moja huweza kuwa na vipande vya waandishi kumi waliotumia leseni nne. La tatu huieleza mashine namna ya kuujenga msimbo. La nne ni daftari la mabadiliko: nani alibadilisha nini, lini, na kwa sababu ya hitilafu namba ngapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika vifurushi methali hii ni kanuni ya kazi, kwani programu ya kujengea hukataa kifurushi kisicho na daftari hilo.

Kifurushi kikishatiwa sahihi kwa ufunguo fiche wa mtunzaji, huingia kwanza katika hazina ya majaribio ya awali. Kikikaa humo siku chache, kwa kawaida kati ya 2 na 10, bila kuonekana hitilafu kubwa, huhamia hazina inayoandaliwa kuwa toleo rasmi. Toleo likishatangazwa kuwa imara, programu zake hazipandishwi tena ovyo. Udhaifu wa usalama ukigunduliwa, mtunzaji hulichambua toleo jipya la waandishi wa asili, hutoa humo mistari inayoziba udhaifu huo tu, kisha huipandikiza katika toleo la zamani bila kugusa kingine.

Hapa ndipo thamani ya kazi hii inapoonekana. Hospitali haitaki programu ambayo wiki hii ina vitufe vipya na wiki ijayo inakataa kusoma data za mwaka jana. Inataka mashine isiyobadilika tabia ila inayoendelea kuwa salama. Hayo mawili hukinzana, na anayeyapatanisha ni mtunzaji.

Mikasa miwili

Wako wanaomwona mtunzaji kuwa mchukuzi tu, anayetoa mzigo kwa mwandishi na kuufikisha kwa mtumiaji. Mikasa miwili inakanusha dhana hiyo.

Wa kwanza ulianza 2006. Mtunzaji wa kifurushi cha OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika Debian aliona maonyo kutoka kwa chombo kinachokagua matumizi ya kumbukumbu ya kompyuta. Maonyo yalielekea kwenye mistari miwili ya msimbo. Aliwauliza waandishi wa asili, akajibiwa kwa namna aliyoichukulia kuwa ruhusa, akaiondoa. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikikoroga data za nasibu zinazotumika kuzalisha funguo fiche. Ilipoondoka, kitu pekee kilichobaki cha kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, ambayo wakati huo kwa kawaida katika Linux haikuzidi 32,768. Kwa hiyo, kwa kila aina na ukubwa wa ufunguo, mshambuliaji aliweza kuzikokotoa zote mapema na kuzijaribu moja moja. Tatizo lilitangazwa tarehe 13 Mei 2008, na wasimamizi wa seva za Debian na Ubuntu duniani kote wakalazimika kuzalisha funguo upya.

Wa pili ni wa Machi 2024. Kifurushi cha xz, kinachobana mafaili, kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, Lasse Collin, aliyekuwa akikitunza kwa kujitolea na aliyekiri hadharani kwamba amechoka. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitokeza kumsaidia, akatuma marekebisho mazuri kwa zaidi ya miaka 2, akaaminiwa na kupewa mamlaka. Kisha akapenyeza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aligundua njama hiyo alipoona kwamba kuingia katika seva kwa njia ya SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yameshaingia katika hazina za majaribio za Debian, ila hayakuwa yamefika katika toleo imara.

SSH haikuitegemea xz hata kidogo kwa asili yake. Watunzaji wa baadhi ya mikusanyo ya Linux ndio walioiongezea kiraka cha kuiwezesha kuwasiliana na systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, na maktaba ya systemd ndiyo iliyoivuta xz ndani. Uamuzi mdogo wa kifurushi kimoja ulifungua njia hadi kwenye lango kuu la seva.

Mikasa hii miwili inathibitisha jambo moja kwa pande mbili. Mtunzaji ni mhariri, na uhariri wake una madhara sawa na ya uandishi. Wa kwanza alikosa jicho la pili. Wa pili alikosa mkono wa pili. Leseni ilikuwa huria katika visa vyote viwili, na msimbo ulikuwa wazi kwa kila mwenye intaneti.

Mnyororo unaofika kliniki

Msomaji wa Kenya anaweza kudhani kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Sivyo. OpenMRS, mojawapo ya mifumo huria ya kumbukumbu za wagonjwa inayotumika sana duniani, asili yake ni ya hapa. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, kilianza kutumia kompyuta kuhifadhi kumbukumbu kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wazo la OpenMRS lilizaliwa 2004 kutokana na uzoefu huo, na 2006 mfumo ukaanza kazi Eldoret. KenyaEMR, unaotumiwa katika kliniki za VVU nchini, umejengwa juu yake. Mwaka 2011 Kenya iliweka takwimu zake za afya za kitaifa mtandaoni kwa DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo.

Kila mmoja wa mifumo hii umekaa juu ya vitu vingine: lugha ya Java, seva ya wavuti, hifadhidata, na chini kabisa mfumo endeshi, ambao mara nyingi ni Linux. Karani anayefungua faili la mgonjwa haoni tabaka hizo. Lakini mtunzaji wa mojawapo akichoka, kama alivyochoka yule wa xz, athari hupanda ngazi hadi mezani kwake.

Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje mwanzoni mwa 2025, swali lililokuwa limelala liliamka: mifumo ya afya iliyojengwa kwa fedha za wafadhili itatunzwa na nani? Mjadala ulihusu zaidi mishahara na seva. Ujuzi wa utunzaji haukutajwa sana, ingawa fedha zikirudi kesho haziwezi kununua ujuzi ambao haukufundishwa.

Hali hii ina mfano wa awali katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili. Yalikuwa mafanikio makubwa ya istilahi na uhandisi. Hata hivyo, kila toleo jipya la programu huleta maneno mapya kwenye menyu, nayo hubaki Kiingereza mpaka mtu ayatafsiri. Mradi una tarehe ya kwisha; kifurushi hakina.

Funzo la Machakos

Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliitaja Machakos kuwa nchi iliyomomonyoka hadi kukata tamaa. Dawa yao ilikuwa amri. Mwaka 1938 walipojaribu kupunguza mifugo kwa nguvu, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kupinga, na serikali ikarudi nyuma. Matuta nayo yalichimbwa kwa kushurutishwa, na kazi ya shuruti haikuwa na mwenyewe.

Baadaye wakulima walichimba kwa hiari matuta mengi zaidi, hasa ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na vikundi vya kusaidiana kazi viitwavyo mwethya, ambavyo wanawake walikuwa ndio uti wa mgongo wake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha 1994 kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka kutoka takriban 240,000 hadi milioni 1.4, ilhali mmomonyoko ulipungua na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda.

Tuta la fanya juu haliishi kwa kuchimbwa mara moja. Mvua kubwa hujaza mtaro tope, na usipofukuliwa kabla ya msimu unaofuata, maji hupita juu, hubomoa ukingo na kuanguka shambani kwa jirani wa chini. Mwenye shamba la chini ana haki ya kuuliza juu kumefanywa nini. Uhusiano kati ya vifurushi ni huohuo: aliye mwishoni mwa mnyororo hulipia uzembe wa aliyemtangulia, na ndiyo sababu kazi ya mmoja huwa shughuli ya wengi.

Lakini mwethya haikuwa hisani tupu. Utafiti wa John Murton wa 1999 ulionyesha kwamba manufaa hayakugawanyika sawa, na kwamba familia zenye kipato cha nje ya shamba zilikuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuwekeza katika ardhi. Nyuma ya kazi ya hiari mara nyingi palikuwa na mshahara.

Pingamizi

Hapa ndipo pingamizi kuu linapoingia. Kwa nini mwanafunzi wa Machakos atunze bure kifurushi ambacho kampuni tajiri za Marekani zinakitumia kujipatia faida? Pingamizi hili ni la haki, na jibu la kwamba atapata uzoefu halitoshi. Watunzaji wengi wa Ulaya na Marekani hujitolea wakiwa na ajira inayowaachia muda, na wengine waajiri wao huwalipa kwa kazi hiyohiyo. Kumtaka kijana asiye na kipato afanye vivyo hivyo ni kumtwisha mzigo ambao wenzake hubebewa. Jibu sahihi ni kuifanya kazi hiyo sehemu ya masomo na ya ajira.

Pingamizi la pili ni la milango. Ili kuwa mwanachama wa Debian, ufunguo wa mwombaji lazima utiwe sahihi na wanachama waliothibitisha utambulisho wake, kwa kawaida ana kwa ana. Kanuni hii ina hekima, hasa baada ya mkasa wa xz, lakini inambana anayeishi mahali penye wanachama wachache. Mkutano mkuu wa kila mwaka wa Debian ulifika Afrika kwa mara ya kwanza 2016, Cape Town, na kutoka Machakos hadi huko ni tiketi ya ndege, si nauli ya matatu. Dawa ipo nusu: wasio wanachama wanaweza kutunza vifurushi kupitia mwanachama anayewakagua na kuwapakilia, na vifurushi vilivyokosa mtunzaji huorodheshwa hadharani vikisubiri mlezi.

Hitimisho

Uhuru wa programu uliopo kwenye leseni ni haki. Uliopo kwenye mikono inayojua kuitunza programu hiyo ni uwezo. Kenya ina haki hiyo tele na uwezo kidogo. Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, idara za kompyuta, kuanzia Chuo Kikuu cha Machakos, zikubali utunzaji wa kifurushi kuwa mradi wa mwaka wa mwisho, ukipimwa kwa daftari la mabadiliko na hitilafu zilizofungwa. Pili, kila kaunti inayoweka mfumo huria hospitalini itenge katika bajeti yake fungu la kuwalipa watunzaji wa vifurushi ambavyo mfumo huo umevikalia. Tatu, kamati za kupandisha vyeo wahadhiri zihesabu utunzaji kama zinavyohesabu makala, kwa maana nao hukaguliwa na wenzao na hutumiwa na watu wengi kuliko makala nyingi. Orodha ya vifurushi visivyo na mlezi iko wazi leo. Mhadhiri anayesoma haya na achague kimoja, awape wanafunzi wake muhula ujao.