Mgombea wa wastani au mwenye itikadi: majirani wa Ujerumani wamejibu nini?

Kila chama chenye siasa kali za mrengo wa kulia kinapopanda katika kura za maoni, swali moja hurudi mezani. Je, wa kukikabili ni mgombea wa wastani asiyemtisha mtu, au ni yule mwenye itikadi iliyo wazi? Nchi zinazopakana na Ujerumani zimelijibu mara kadhaa tangu mwaka 2016, na majibu yao hayafanani. Katika makala haya, mwanasiasa wa umaarufu ni yule anayedai kwamba yeye peke yake ndiye sauti ya wananchi wa kweli, na wengine wote ni vibaraka wa wakubwa.

Kisa cha Austria kinakwenda kinyume na yaliyozoeleka. Tarehe 24 Aprili 2016, Norbert Hofer wa Chama cha Uhuru, FPÖ, aliongoza duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais kwa asilimia 35. Wagombea wa vyama viwili vikubwa, ambavyo ndivyo vilivyokuwa nguzo za siasa za wastani tangu vita, waliambulia asilimia 11 kila mmoja. Aliyebaki kupambana na Hofer alikuwa Alexander Van der Bellen, profesa wa uchumi, kiongozi wa zamani wa chama cha Kijani, na mwana wa wakimbizi waliotoka Estonia. Tarehe 22 Mei alishinda kwa kura 30,863 tu. Mahakama ya Katiba ikayafuta matokeo hayo kutokana na kasoro katika kuhesabu kura za posta. Marudio yakapangwa Oktoba, nayo yakaahirishwa kwa sababu gundi ya bahasha za kura ilikuwa haishiki. Yalipofanyika hatimaye tarehe 4 Desemba, Van der Bellen alipata takriban asilimia 54.

Katika miezi yote hiyo hakuuficha msimamo wake kuhusu Umoja wa Ulaya wala mazingira. Alichobadilisha ni mahali pa kuzungumzia. Mabango yake yalimwonyesha katika milima ya Tirol, alikokulia, pamoja na neno "Heimat", yaani nchi ya nyumbani, neno ambalo mrengo wa kulia ulikuwa umelifanya kama mali yake. Baadhi ya mameya wahafidhina wa vijijini wakaweza kumuunga mkono bila kuona haya.

Poland ilikwenda njia nyingine. Rafał Trzaskowski, meya wa Warsaw, aliingia katika uchaguzi wa rais wa 2025 akijulikana kama mtu wa mrengo wa kati anayetetea haki za walio wachache. Kampeni yake ilijitahidi kuifuta sifa hiyo. Mwezi Januari alipendekeza kwamba posho ya watoto itolewe kwa wale tu miongoni mwa Waukraine wanaoishi, wanaofanya kazi na wanaolipa kodi Poland. Katika mdahalo wa Aprili mjini Końskie, mpinzani wake Karol Nawrocki, aliyeungwa mkono na chama cha Sheria na Haki, PiS, alimwekea mezani bendera ya upinde wa mvua, ishara ya haki za mashoga. Trzaskowski akaiondoa isionekane. Magdalena Biejat, mgombea wa mrengo wa kushoto, akaja kuichukua. Tarehe 1 Juni Nawrocki alishinda kwa asilimia 50.89.

Haki itendeke katika kulihukumu hilo: wagombea watatu wa mrengo wa kulia walikuwa na jumla ya zaidi ya nusu ya kura katika duru ya kwanza, na Trzaskowski alibeba pia mzigo wa serikali iliyokwishachosha watu. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba mgombea jasiri zaidi angeshinda. Hata hivyo, kule kujisogeza hakukumpatia kura za kutosha upande wa pili. Aliyetaka mkono mkali kwa wageni alikuwa na Nawrocki.

Miaka miwili kabla yake, Poland hiyo hiyo ilionyesha jambo tofauti. Katika uchaguzi wa bunge wa 2023, vyama vya upinzani vilishauriwa viungane katika orodha moja, vikakataa. PiS iliongoza kwa asilimia 35.4 na viti 194, lakini orodha tatu, ya mrengo wa kati, ya wahafidhina wapole na ya mrengo wa kushoto, zilipata viti 248 kati ya 460. Kila mpigakura alipata pa kuweka kura yake.

Ufaransa na Jamhuri ya Czech zinaonyesha gharama ya ushindi. Mwaka 2024 zaidi ya wagombea 200 wa mrengo wa kushoto na wa kati walijitoa ili kukizuia chama cha Marine Le Pen, nacho kikaishia nafasi ya tatu. Lakini bunge lililopatikana liliiangusha serikali ndani ya miezi mitatu. Jenerali mstaafu Petr Pavel alimshinda Andrej Babiš kwa asilimia 58 mwaka 2023. Desemba 2025 Pavel huyo huyo alimteua Babiš kuwa waziri mkuu, baada ya chama chake kushinda uchaguzi wa bunge.

Uchaguzi wa Bundestag hauna duru ya pili, kwa hiyo mfano wa Poland ya 2023 uko karibu nasi kuliko ule wa Ufaransa. Duru ya pili ipo katika kuwachagua mameya: Septemba 2025, wagombea wa AfD huko Gelsenkirchen, Duisburg na Hagen waliifikia na kushindwa wote watatu, mara mbili na chama cha SPD na mara moja na CDU. Msikilizaji mwenye pasipoti ya Kenya au ya Tanzania pekee hakuruhusiwa kupiga kura hizo, ijapokuwa raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya waliruhusiwa. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria ya Ujerumani haimtaki tena anayeomba uraia kuuacha ule wa awali. Kenya nayo inaruhusu uraia wa nchi mbili, ila Mtanzania bado huupoteza wake.