Kebo linganifu: kinacholingana ni nini?

Fundi wa Makomeno, mjini Lubumbashi, anayeunga bafle (spika) za studio na meza ya sauti hukuta istilahi imemtangulia kwa Kifaransa: symétrique. Kifaransa humpa picha ya kioo, Kiingereza picha ya mizani, na mfasiri mwenye haraka atasema "kebo ya uwiano". Hapo ndipo tunapopotea, maana uwiano shuleni ni mbili kwa tatu. Mimi nashika kebo linganifu. Ndani yake mna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zimevikwa wavu wa shaba. Kwenye plagi ya XLR pini ya 1 ni ardhi, au masi kama wasemavyo Wakongo. Ya 2 hubeba sauti, na ya 3 sauti ileile iliyopinduliwa. Mvumo wa umeme wa hezi 50 ukipenya, huzikumba nyaya zote mbili kwa kiasi kimoja. Bafle hutoa ya 3 katika ya 2, mvumo ukafutika, sauti ikabaki. Mtu atasema basi tuiite kebo ya kinyume. Hapana: vifaa vingi hupeleka sauti kwenye waya mmoja tu, wa pili ukawa kimya, na bado mvumo hufutika. Lazima ulingane ukinzani wa kila waya kuelekea ardhi, wala si umbo la sauti. Kusema kweli kinacholingana ni saketi nzima. Kebo ni daraja tu.

Pingamizi zito zaidi ni la dukani: kwa nini tusitaje plagi, tukasema "jeki ya stereo" (si ile ya kuinulia gari), kila mtu akaelewa? Kwa sababu jeki hiyo ya milimita 6.35, yenye vipete viwili vyeusi, ina kazi mbili. Kwenye vipokea sauti vya masikioni hubeba kushoto na kulia. Kwenye bafle hubeba sauti moja na pinduo lake. Ukiunga tundu la vipokea sauti na bafle kwa kebo yenye jeki hiyo, bafle itatoa kulia katika kushoto: sauti ya mwimbaji, ambayo imo sawasawa pande zote mbili, itayeyuka, yabaki magitaa ya pembeni na mwangwi. Fundi atafungua bafle nzima isiyo na kosa. Wenye studio, bandikeni plasta kwenye kila jeki, muandike kwa wino: "linganifu" au "stereo".