Masaku Iko na Age Kuliko Nairobi, na Hatujivunii

Juzi nilikuwa naangalia video ya msee mmoja Uingereza akizunguka kijiji chao kidogo. Nyumba hazifiki mia. Lakini kuna kanisa la mawe la karne ya 12, na jina la kijiji limeandikwa kwenye Domesday Book, ile sensa ya Mfalme William ya mwaka 1086. Kila jiwe lina stori, na kila stori ina kibao. Nikajiuliza, sisi wa Masaku tuna nini?

Tuna vitu. Shida ni kwamba hatukuziandika kwa mawe.

Anza na jina. Masaku wa Munyati alikuwa Mkamba, mganga na kiongozi, aliyejenga boma lake karibu na Kiima Kimwe. Hiyo Kiima Kimwe maana yake ni mlima mmoja, na ukiwa mjini saa hii inua tu macho utauona. Wazungu walipofika, jina Masaku likawashinda ulimi, wakaandika Machakos. Kwa hivyo kila mara unaposema "Machakos" unarudia kosa la mgeni, na ukisema "Masaku" kama makanga wa stage, wewe ndiye uko sawa.

Lakini hata Masaku hakuwa wa kwanza. Wazee wanasema Wakamba walitoka pande za Kilimanjaro, wakapitia Chyulu, mpaka wakatulia kwenye vilima vya Mbooni, na wanahistoria wanaweka hiyo karibu karne ya 17. Mbooni kulikuwa na mvua na usalama. Watu walipozidi, wengine wakapanda Iveti, wengine wakavuka mto Athi kwenda Kitui. Kila jamii ilikuwa na utui wake, na wanaume walikaa thome jioni, moto ukiwaka, kesi zikisikizwa na vijana wakifunzwa. Hiyo thome ndiyo ilikuwa korti yetu na shule yetu. Pembe za ndovu nazo zilibebwa kwa miguu kutoka huku mpaka Mombasa, muda mrefu kabla ya reli.

Sasa kuja 1887, mwaka unaohesabiwa kuwa wa kuanza kwa mji. Baadaye kampuni ya Waingereza, IBEA, ikaweka kituo chake hapa, na Masaku ikawa makao ya utawala wao huku bara. Wakati huo Nairobi ilikuwa bwawa tu na ng'ombe wa Wamaasai wakinywa maji. Halafu reli ikapita mbali na sisi, ikafika Nairobi 1899, na ofisi zikahamishwa mwaka huo huo. Njia moja ya reli ikabadilisha ni nani ataitwa mtu wa city na nani ataitwa mtu wa ushago.

Na hatukunyamaza. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipochukua ng'ombe za Wakamba kwa lazima ikisema wamezidi, Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu kutoka huku mpaka Nairobi. Walipiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuongea na gavana. Yeye mwenyewe alikamatwa na kupelekwa Lamu, lakini serikali ililegeza ule mpango. Hiyo ilikuwa maandamano, wasee, kabla ya hashtag.

Mbona nasema haya yote? Kwa sababu kanisa la mawe linaweza kungoja miaka 900. Susu hawezi. Mwaka jana nilienda ushago na simu imejaa chaji, nikiwa na plan ya kumuuliza susu kuhusu mbai yetu na tulitoka wapi. Nikachukua video za machweo, nikasema nitamuuliza Krisi. Krisi ilipofika hakuwepo. Kile alichojua kuhusu vile familia yetu ilishuka kutoka Mbooni, hakuna mtu mwingine anakijua, hata mathee.

Kwa hivyo wikendi hii kabla upost, piga simu. Uliza mbai yenu, uliza jina la kilima, uliza nani alilima hapo kwanza, na urekodi. Wale wa Uingereza wana Domesday Book. Yetu bado inapumua, na imeketi nje ikichambua ndengu.